Solo Aliyoisikia Mama Claude

Ujumbe ulisema tuje na chakula cha kushirikiana na, kwa wale ambao bado wanayo, midomo. Huo ndio utani wa watu wa matarumbeta: kinanda utakiacha miaka kumi nacho kitakusamehe, lakini mdomo ukiuacha wiki mbili tu, umekwisha. Kikosi chetu cha ngoma na tarumbeta kilikuwa kinafungwa. Ule ukumbi wa chini ya ardhi kule Saint Paul unarudishwa kwa wenyewe, vyombo vinagawiwa shule, na sisi tuliowahi kuvaa ile sare tunaitwa tuje tule, tupige wimbo wa kikosi kwa mara ya mwisho, kila mtu ashike njia yake. Nilisoma ujumbe huo nikiwa kwenye maegesho ya ofisi yetu Eagan, injini bado inanguruma, nikateremka kwenye orodha ya waliosema watakuja. Jina la Claude lilikuwa la nne. Nilizima gari, nikakaa pale mpaka vioo vikaingia ukungu. Sikuwa nimezungumza na Claude tangu Julai ya mwaka 2014. Kosa lilikuwa langu, na watu wawili tu duniani ndio tuliokuwa tunalijua.

Mwaka ule nilikuwa na miaka kumi na tisa, nakaa kwa mama mdogo, Eagan, kwenye nyumba ya kupanga ambayo jiko na sebule vilikuwa chumba kimoja. Nilifikaje huko ni habari nyingine, ndefu, na haina tarumbeta ndani yake, kwa hiyo tuiache. Unachotakiwa kujua ni kwamba nilikuja na kitu kimoja nilichokiweza: kupiga baritoni, ile tarumbeta nene yenye sauti ya mwanamume mpole. Nilifundishwa kwenye bendi ya matarumbeta ya usharika wetu, Marangu. Tulipiga harusini, tulipiga Pasaka alfajiri, lakini zaidi tulipiga misibani, na msibani tulikuwa na desturi moja. Mfiwa akiwa ni mwenzenu wa bendi, anasimama kaburini na chombo chake kama kawaida, kisha wimbo unafika mahali fulani, koo linamkaba. Hapo jirani yake anaacha mstari wake mwenyewe na kumshikia sauti, papo hapo, bila kutazamana wala kuambiwa. Mwalimu wetu alikuwa mkali kwa hilo kuliko kwa noti zenyewe. Ungeweza kupiga wimbo mzima bila kosa, lakini ukichelewa kumshikia mwenzako sauti, utasemwa mbele ya watu mpaka ujute. Nilijua kusikiliza pumzi ya mtu wa pembeni yangu kabla sijajua kusoma noti.

Claude ndiye aliyenipeleka kwenye kikosi. Nilikutana naye kwenye ibada ya Kiswahili, kijana mrefu wa kutoka mashariki ya Kongo aliyekaa na mama yake Brooklyn Park, na aliponisikia nikipiga baritoni alinijia hata kabla sijaifuta. “Dada, wewe unakaa na hii kitu nyumbani bure?” Yeye alikuwa na baritoni pia, na alikuwa ameshamaliza misimu miwili kikosini. Akanieleza: majira ya baridi mnafanya mazoezi ukumbini, kiangazi mnapanda mabasi, mnazunguka mji hadi mji mkishindana na vikosi vingine kwenye viwanja vya mpira, mnapiga huku mnatembea, kila mtu na nukta yake ya kusimama, majaji wanawapa alama. Mnalala chini kwenye kumbi za michezo za shule. Mnakula kutoka kwenye gari. “Na wanakulipa?” mama mdogo aliuliza nilipomweleza, akiwa anakata sukuma wiki. Nilipomwambia hawalipi, aliweka kisu chini akanitazama kwa muda mrefu sana.

Ukumbi ule ulinuka mafuta ya vali, vile vitufe vya tarumbeta, na makoti mabichi ya theluji. Ukutani kulikuwa na picha ya kila mwaka, tangu kikosi kilipoanzishwa na wanaume waliorudi kutoka vitani na tarumbeta zao za jeshi, zisizo na vali hata moja, wakitaka vijana wa mtaa wawe na jambo la kufanya. Picha za mwanzo zote ni wavulana weupe waliotoa vifua. Ukisogea unaona kofia zinabadilika, vyombo vinapata vali, halafu ghafla msichana mmoja, peke yake kati ya wavulana wote wale, amekunja uso kama aliyetoka kugombana, na kweli walikuwa wamegombana, watu wazima walitaka kugawanyika kwa ajili yake. Halafu wasichana wengi. Halafu watoto wa Wahmong, wale waliokimbia vita Asia, wa pale pale Saint Paul. Mimi na Claude tulipita picha zote tukitafuta sura kama zetu, hatukupata. Misimu yake miwili ya nyuma alikuwa mgonjwa siku moja ya picha, na siku nyingine yuko kazini. Jamani, mtu ana bahati mbaya kiasi hicho! “Hii mwaka ni lazima,” alisema. Ilikuwa lazima kweli, maana sheria ya mashindano haina huruma: ukifikisha miaka ishirini na moja, huo ndio msimu wako wa mwisho, utake usitake. Claude alikuwa nayo ishirini na moja.

Ndiyo maana mwalimu wetu wa matarumbeta, Kurt, alipompa Claude solo, tulipiga kelele mpaka watu wa ngoma wakaja kuchungulia. Ilikuwa vipimo vinane tu katikati ya wimbo wa polepole. Kikosi kizima kinanyamaza, mtu mmoja anasogea mbele kabisa, karibu na mashabiki, anapiga peke yake. Kikosi chetu kilikuwa cha kizamani na kikaidi, hakikutaka vipaza sauti kwa wapiga solo. Ulitegemea kifua chako. Claude alimwambia mama yake siku hiyo hiyo. Mama Claude alikuwa anafanya usafi kwenye nyumba ya wazee, shifti zake zote zilikuwa Jumamosi na Jumapili, na kwa misimu miwili hajawahi kumwona mwanawe hata mara moja. Nilikuwepo mezani kwao, tunakula bugali na sombe, ugali na kisamvu kwa lugha ya kwetu, na samaki wa kukaanga, alipotangaza kwamba ameshaomba ruhusa kwa Jumamosi moja, ile ya Julai ambayo mashindano yangekuja nyumbani, Minneapolis. “Sijawahi kuomba siku,” alisema. “Bosi alishangaa, akauliza nani amekufa. Nikamwambia hapana mtu amekufa, ni mtoto wangu atapiga.” Claude alicheka. Mimi nilicheka pia, nikainama kwenye sahani, kwa sababu nilikuwa nimeona Claude anavyotafuna upande mmoja tu.

Jino la mbele. Sanduku lilimgonga ghalani alikokuwa anafanya kazi, jino likapata ufa, na kufikia mwezi wa sita ufizi ulikuwa umevimba chini ya mdomo wa juu, pale pale chombo kinapokaa. Daktari wa meno alimwambia ling’olewe na asipulize kitu kwa wiki tatu. Claude alihesabu wiki, akaona zinapita juu ya ile Jumamosi ya mama yake, akatoka mle bila kung’oa. Alinieleza mimi peke yangu, nyuma ya basi, mji fulani wa Wisconsin, na akaniapisha. “Ukisema, watanirudisha nyumbani. Nitapona kisha. Kwanza Jumamosi ile.” Ningemwambia nini? Nilimwambia apunguze kupiga kwenye mazoezi, atunze mdomo, na kwamba panapomshinda nitamshikia sauti. Nukta yangu ilikuwa kushoto kwake karibu wimbo wote. Basi tukaanza. Nilisikia pumzi yake ikikatika, naacha mstari wangu, nabeba wake mpaka apumzike, narudi. Wiki mbili tulifanya hivyo kila siku, mbele ya umati, na nilikuwa najiona mtu mwema sana.

Majaji wa mashindano yale hawakai mezani tu. Wengine wanaingia uwanjani wakiwa na kinasa sauti mkononi, wanatembea katikati yenu mnapopiga, wanasema wanachokisikia, na asubuhi yake mnasikilizishwa. Tulikuwa tumekaa sakafuni kwenye ukumbi wa shule, bakuli za uji wa shayiri mapajani, sauti ya jaji ikiwa juu ya ngoma zetu wenyewe, mara akasema, taratibu, kama mtu aliyesimama kutazama: “Kuna baritoni hapa anapiga mstari usio wake. Amehama. Sasa amerudi. Sijui ni kwa nini.” Kurt alisimamisha. Alirudisha nyuma, tukasikia tena. “Nani?” Claude alikuwa anatazama bakuli lake. Nikanyoosha mkono. Kurt alinifuata akachuchumaa mbele yangu, na hakupaza sauti, ningependelea angepaza. Alisema kila mtu hapa ana sauti moja, na kama kuna pengo yeye anataka kulisikia pengo, ndipo alizibe. Nikiziba mimi, namdanganya. “Ukirudia, unapanda ndege urudi nyumbani.” Nilisema sawa. Claude hakusema neno, na sikumlaumu. Uongo! Nilimlaumu sana. Nilikuwa nimekaripiwa kwa ajili yake, na yeye anapuliza uji wake upoe.

Siku nne kabla ya Jumamosi ile nilikuwa naosha sahani kwenye karai nyuma ya gari la chakula. Upande wa pili wa gari Kurt alikuwa anazungumza na mkuu wa kikosi, hawanioni. “Claude ana tatizo, hataki kusema,” Kurt alisema. Mkuu akauliza ni nani mwingine anayeiweza solo. Kurt akacheka kidogo. “Yule Mtanzania. Nimemsikia akiipiga kwenye ngazi za shule, anadhani hakuna mtu. Anaipiga vizuri kumshinda.” Mkuu akasema tusubiri tuone Jumamosi. Niliosha sahani ile ile mara tatu. Ningependa kuandika kwamba niliumia kwa ajili ya Claude. Nilifurahi. Tangu saa hiyo sikuisikiliza tena pumzi ya Claude kwa namna ile ile.

Jumamosi ikafika, na joto lake. Sare zile ni nzito, kofia zina shungi, mikanda ya kofia inabana kidevu. Ukikaa juu kwenye viti huwezi kumjua mtu kwa sura. Claude alikuwa ameshamwelekeza mama yake: atakayekuja mbele peke yake, huyo ni mimi. Tukiwa tumejipanga langoni nilimwona anabonyeza ufizi kwa ulimi. “Unaweza?” nilimnong’oneza. “Niache,” alisema. “Aika, sikia. Leo usinishikie. Hata nikichelewa. Niache kabisa.” Nikamwambia haya. Tukaingia. Wimbo wa kwanza ulikwenda, wa pili ukaenda, tukafika kwenye ule wa polepole, ngoma zikazima. Mimi nukta yangu wakati huo ilikuwa nyuma, katikati, hatua kama thelathini kutoka kwake, namwona mgongo. Akasogea mbele. Akainua baritoni mdomoni. Na kikawa kimya.

Kimya cha uwanjani ni kitu kibaya. Mpigo mmoja ukapita, na wa pili. Mikono ya mwongozaji ilibaki hewani, alikuwa amempa ishara na anamngojea. Nikaona mabega ya Claude yanapanda. Yalipanda taratibu, mgongo ukajaa, kama mtu anayejua anachokwenda kufanya. Alikuwa anavuta pumzi. Alikuwa amechelewa, lakini anakuja. Mimi nilimwona, tena nilimwona vizuri, jua lilikuwa nyuma yetu. Na nikaingia. Niliinua chombo changu nikapiga noti ya kwanza ya solo yake kabla hajatoa pumzi ile, nikapiga vipimo vyote vinane, na sijawahi kupiga hivyo maishani mwangu, si kabla, si baadaye. Claude hakuwa na la kufanya. Wawili tukipiga kwa kupishana ingekuwa aibu ya kikosi kizima, kwa hiyo alifunga mdomo na kubaki na baritoni yake juu, vidole vinabonyeza vali zile zile, mpaka nilipomaliza. Watu wakasimama. Mbele, upande wa kulia, mwanamke mwenye kitenge cha manjano, mama yake Claude, alikuwa amesimama kabla ya wote, ameinua mikono miwili.

Kwenye basi Claude alikuja akakaa kando yangu. Kitambaa alichojipangusia mdomo kilikuwa na damu. Mbele yetu watu walikuwa wanaimba, maana tulipata alama za juu kuliko siku yoyote ya msimu. Nilikuwa tayari kwa matusi, na maneno ya Marangu nilikuwa nayo kichwani, desturi yetu, msibani, unajua, ni mazoea tu. Hakutukana. Aliuliza kitu kimoja. “Uliniona nikivuta pumzi?”

“Sikuona,” nilisema.

“Hukuona.”

“Mgongo wako ulikuwa mbali, Claude. Niliona kimya tu. Sisi kwetu hatuachi kimya.”

Alitikisa kichwa mara mbili tatu, polepole, akarudi kwenye kiti chake. Asubuhi yake Kurt alinipa solo. Alimwambia Claude aende akatibiwe na akirudi atakuwa na nukta yake, lakini si mbele. Claude alikwenda, hakurudi. Kikosi hakikubadilisha mchoro wa uwanjani. Wao nao wana desturi yao, mtu akiondoka katikati ya msimu nukta yake huachwa wazi, na nyote mnatembea kuizunguka. Mpaka Agosti nilitembea na pengo kulia kwangu. Nilipiga solo ile kila mji, watu walipiga makofi, na kila mara nikimaliza nilirudi kando ya lile pengo. Mama mdogo alikuja fainali, akalia, akasema sasa ameelewa ni kwa nini hawatulipi, kwa sababu kitu kama hicho hakina bei. Nilimwambia aache. Nilikuwa mkali hata akakasirika, hatukusemeshana njia nzima hadi Eagan. Msimu uliofuata sikujiandikisha, nikasema masomo. Siku hizi napiga kanisani tu, na mtu akishindwa pembeni yangu huwa nahesabu kwanza, najiuliza ninaingia kwa ajili ya nani. Mara nyingi nikimaliza kujiuliza wimbo umeshapita.

Kwenye ukumbi, siku ya kufunga, meza zilikuwa zimejaa bakuli za viazi na jibini walivyozoea wenyeji, na mwishoni sahani moja kubwa ya sambusa iliyokuwa inakwisha kwa kasi. Nikajua ni nani amezileta. Mama Claude alikuwa amekaa kando ya sahani yake kama askari, amenenepa kidogo, na alinijua kabla sijamsalimia. “Aika! Njoo hapa, mtoto wangu, njoo. Umetutupa sisi hivi?” Nikamwamkia, akanivuta nikae. Claude alikuwa upande wa pili wa meza, ndevu fupi, jino la bandia linalong’aa kuliko mengine. “Habari, Aika,” alisema, kwa adabu, kama unavyomsalimia mtu wa benki. Kati yake na mama yake alikaa msichana wa miaka sita hivi, binti yake, anachezea baritoni iliyokuwa mapajani mwa baba yake. Nilisema habari njema. Nilikuwa nimepanga maneno ya kumwambia tangu kwenye maegesho, nimeyarudia barabarani kwa sauti, na badala yake nikachukua sambusa.

“Huyu mtoto haamini,” Mama Claude alisema. “Namwambia kila siku, baba yako alipiga ile kitu peke yake, wazungu wote wanasimama, mimi nalia. Anasema baba hajui kupiga, hajamsikia hata siku moja.” Mtoto akajibu kwa Kiingereza kwamba ni kweli, baba hapigi kamwe, hata akiombwa. “Sasa huyu Aika alikuwa pale,” Mama Claude akaendelea, akiniwekea mkono begani. “Alikuwa ndani, na sare. Aika, mwambie. Mwambie vile ilikuwa.”

Nilimtazama Claude. Miaka yote ile hakuwa amemwambia mama yake. Alikuwa amemwachia ile Jumamosi yake moja, akakaa nayo kimya, na kwa ajili hiyo asingeweza kupiga mbele yake tena, asije akasikia tofauti. Sasa alikuwa ameshika ukingo wa meza, hanitazami mimi, anatazama mkono wa mama yake begani mwangu. Nilielewa kwamba anangojea nimharibie tena.

Nikamgeukia mtoto. Nilisema kwa Kiswahili, taratibu, kwa sababu anakielewa hata kama hajibu kwacho. “Ilikuwa kimya uwanja mzima. Baba yako alikuwa mbele, mimi nyuma yake. Watu wakadhani ameshindwa. Lakini mimi nilimwona akivuta pumzi. Nilimwona vizuri kabisa, kwa macho yangu haya. Alikuwa anakuja.”

“Halafu?” mtoto akauliza, kwa Kiswahili.

“Halafu akapiga,” nilisema.

Mama Claude akapiga kofi mezani, unaona sasa, unaona! Claude aliinamisha kichwa. Binti yake akamwuliza kama analia, naye akamwambia hapana. Kisha akainua uso akanitazama, kwa mara ya kwanza tangu kwenye basi, akasema, “Ulisema hukuona.”

“Niliona,” nilisema.

Mama yake alikuwa anamweleza mtoto jinsi watu walivyosimama, na hakutusikia.